Jina la Muko Kwenye Dirisha la Viza

Kitendawili. Alichukua kuku wangu mwenye kutaga, sikumwita mwizi. Nikimwona njiani, mimi nashika upande huu wa mtaro na yeye anashika ule. Nani?

Wenye mabinti walioolewa wamekwisha kujibu. Wengine ngojeni kidogo, jibu litapita humu humu.

Kwa yule anayelishika gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, nitamkatia njia. Mimi ni Mama Clotilde, mjane na nyanya, mzaliwa wa Mitwaba, nimezeekea Lubumbashi katika nyumba ambayo mume wangu alipewa na reli. Binti yangu wa mwisho, Chancelvie, aliolewa akamfuata mumewe katika nchi ya mbali. Nchi hiyo siitaji, na mkisoma mpaka chini mtajua kwa nini nimejifunza kufunga kinywa.

Huko akazaa mtoto wa kike. Alipozaa tu, sauti yake ikapotea.

Nikipiga, simu inalia mpaka inachoka. Kinachokuja ni maandishi: "Maman, tout va bien." Kifaransa kisafi, nukta zote mahali pake. Na Chancelvie hajapata kuniandikia Kifaransa hata siku moja. Sisi wawili tunaandikiana Kiswahili chetu cha nyumbani, bila nukta, kama tunavyosema.

Ndiyo maana nikasema: nitaenda nimwone kwa macho haya haya.

Wiki zilizopita mlisoma jinsi picha zangu za pasipoti zilivyokataliwa kwa sababu ya kitambaa cha kichwa. Mkasoma jinsi kadi yangu ya chanjo ya homa ya manjano ilivyotoka imeandikwa kwamba mimi ni mwanamume. Mlicheka, na mimi nilicheka baadaye. Ya leo sijaicheka bado.

Aliyeshughulikia dosie yangu yote, yaani faili la viza, ni Donat, mwanangu wa kwanza. Barua ya mwaliko kutoka kwa mume wa Chancelvie ilifika kwenye simu ya Donat, si kwenye simu yangu. Hilo lilinikaa rohoni kama mwiba wa samaki.

"Ile namba iko kwa barua," nilimwambia. "Unipatie nimupigie."

"Weye, mama? Umupigie muko yako simu? Na buko umeiweka wapi?"

Akanifunga kwa kamba yangu mwenyewe.

Maana hilo ndilo jibu la kitendawili. Muko ni mume wa binti yako. Na buko ni ile heshima inayokaa kati ya mama na huyo muko. Kwetu hawashikani mikono. Hawali pamoja. Hawatazamani usoni, na majina hawatajani, mpaka siku muko ataleta mbuzi wa kuondoa haya, watu waimbe, yaishe. Muko wangu alisafiri kabla ya mbuzi. Siku ya harusi yake nilikaa nyuma ya kitenge, dada zangu wamekishika huku na huku. Salamu zake zilipita kinywani mwa Chancelvie: "Muko anakusalimia, mama." Na mimi nilijibu kwa kupitia Chancelvie. Kwa hiyo hata humu gazetini, jina lake hamtalisoma kwangu.

Basi siku ya maulizo ikafika. Donat akanipeleka kwenye ofisi ya viza, mjini. Tukakaa kwenye benchi, na yeye akaanza kunifundisha kama mtoto anayeenda komunyo.

"Bakikuuliza unaenda kufanya nini, sema utalii."

"Mutalii ni muntu wa kofia mukubwa, anapiga foto ya tembo. Miye njo wa vile?"

"Mama, viza ya utalii njo inatoka mbio. Sema unaenda kuona bahari."

"Nikiisha kuiona niifanye nini?"

"Hakuna. Unaiangalia tu."

"Halafu?"

"Halafu unarudia."

Nilimtazama mwanangu kwa pembeni. Mguu wake mmoja ulikuwa unagonga sakafu bila kupumzika. Mtu anayempeleka mama yake kuona bahari, mguu wake unagongea nini?

Wakaniita.

Nyuma ya kioo alikaa mwanamke wa makamo, miwani ikining'inia kwenye kamba. Kibao mbele yake kilisema Madame Brigitte. Alinisalimu vizuri, akiniita kambo, yaani nyanya. Donat akavuta kiti na kukaa ubavuni mwangu, karibu kuliko inavyohitajika.

"Kambo, jambo. Kule unaenda kufanya nini?"

"Utalii."

"Utaona nini?"

"Bahari."

"Halafu?"

"Halafu narudia."

Akatabasamu kidogo, akafungua dosie. Tikiti ya kwenda na ya kurudi, ipo. Kadi ya chanjo, ipo, na sasa inasema mimi ni mwanamke. Pasipoti, bado mbichi. Nikaona kwamba tunapanda mlima huu bila jasho.

"Na kule utalala wapi?"

"Kwa majirani."

Akainua kichwa. "Barua inasema utalala kwa nyumba ya muko yako. Chumba karibu na chumba yabo."

"Hapana. Kwa nyumba ya muko silale."

"Majirani gani?"

"Bale batakuwa karibu."

"Unabayua?"

"Bado. Lakini majirani, mwanangu, mahali yote iko."

Donat akakohoa. "Madamu, mama iko anacheka tu. Ni muzee."

"Muzee ni kichwa yako," nikamwambia.

Madame Brigitte akaivaa miwani yake. Nilijua kwamba mwanamke akivaa miwani, maneno matamu yamekwisha.

"Kambo, huyu mwenye kukuita, jina yake nani?"

Nikatazama meza. Nikatazama mikono yangu. Ulimi ulikwenda mpaka kwenye meno ukarudi nyuma.

"Jina yake, kambo."

"Nikutegee kitendawili," nikasema. "Alibeba kuku yangu ya kutaga, sikumuita mwizi."

"Siko naomba kitendawili. Naomba jina."

Donat akafungua kinywa kulitaja. Yule mwanamke akainua kidole. "Monsieur, si weye. Nauliza mama."

"Mwanangu," nikamwambia, "jina iko mbele yako, kwa barua. Weye ulisome, miye niitike."

"Haiko vile."

"Kwetu njo vile."

Akaanza kuandika. Kalamu yake ilisikika. Nyuma yangu, kwenye benchi, watu walikuwa wamekwisha kuacha mazungumzo yao na kusikiliza yangu.

"Uko na foto yako na yeye pamoja? Ya harusi ao ya kufiwa, yoyote."

Hiyo nilikuwa nayo. Nikaitoa katika mkoba, kwenye plastiki, nikaisukuma chini ya kioo. Akaisogeza karibu na pua.

"Namuona bibi-arusi. Namuona bwana-arusi, ameangalia kule. Weye uko wapi?"

"Nyuma ya ile kitenge."

"Siko nakuona."

"Ile kiatu yenye kutokea chini ya kitenge. Njo miye."

Mtu mmoja kwenye benchi akacheka, mwingine akamnyamazisha. Madame Brigitte hakucheka. Alichomoa karatasi nyingine kutoka katika dosie, kopi ya pasipoti ya yule mwenye kunialika, akaibandika kwenye kioo mbele yangu. Uso wa mwanamume. Paji pana, ndevu zimenyolewa.

"Huyu njo yeye?"

Nikaukodolea macho uso ule. Ilikuwa mara yangu ya kwanza, na aibu ilinipanda mpaka masikioni, kama mtu aliyefungua mlango wa bafu ya wengine.

"Siyue," nikasema.

"Hauyue muko yako?"

"Uso siyue. Mugongo njo nayua. Na namna ya kutembea. Uniletee foto ya mugongo, nitakuambia sasa hivi."

Akaiondoa karatasi. Akavua miwani, akayafinya macho yake.

"Kambo, nisikilize. Miye nilikomaa Kinshasa, lakini mambo ya buko nilisikia. Nakuelewa. Ile inchi haiyue buko. Benye kusoma hii dosie bataona mama hayue jina ya mwenye kumuita, hayue sura yake, hataki kulala kwake. Batasema hii haiko utalii. Batasema huyu mama anaenda kubakia kule, ao bantu banamuuzisha."

Akalifunga faili.

"Nitaandika hapana. Usinikasirikie."

Jamani, nimezika mume, nimezika watoto wawili. Nilidhani nimekwisha kuyasikia maneno yote mabaya. Lakini neno lile dogo, kutoka nyuma ya kioo, lilinikalisha vibaya. Niliona mlango wa Chancelvie unafungwa, na anayeusukuma ni mimi mwenyewe, kwa adabu yangu.

"Madamu," nikasema, na sauti ilitoka ya mtu mwingine. "Bahari siitake. Uniwie radhi, nilikudanganya juu ya bahari. Niko na binti kule. Amezaa, na tangu azae sauti yake siisikie. Nataka kumuona anapumua. Nikiisha kumuona anapumua nitarudia, hata kwa miguu."

Donat akanishika mkono. "Mama, iache. Tutaleta dosie ingine."

Aliniminya kwa nguvu kuliko mtu anayebembeleza.

Madame Brigitte alitutazama, mimi, kisha yeye, kisha mimi. Nilimwona anapima kitu. Halafu akafungua tena faili na kutafuta chini ya barua.

"Namba yake iko hapa. Tumupigie. Akikuyua, itanisaidia kuandika kitu ingine."

Donat akasimama. "Madamu, kule bako kwa kazi sasa. Hatajibu."

"Tutaona."

"Ni kumusumbua bule."

"Monsieur, ikala."

Akakaa. Mguu wake sasa ulikuwa umetulia kabisa, na hiyo ikanitisha kuliko kule kugonga.

Simu ya mezani ikawekwa sauti ya juu. Ikalia. Ikajibiwa mapema, kama mtu aliyekuwa amekaa juu yake.

Wakasema Kifaransa wao wawili. Darasa langu la msingi lilinifikisha mahali pa kusikia "ndiyo", "mama mkwe", "furaha", "tunamngoja". Sauti ilikuwa laini, ya mtu aliyekula akashiba. Kisha akauliza kama niko pale, na Madame Brigitte akanionyesha kwa kidole: sema.

Nikageukia ukuta. Muko anaposema, mtu hatazami hata simu.

"Mama Clotilde," sauti ikasema. "Jambo, mama. Ni miye, muko yako. Umelala muzuri? Ile magoti ingali inakuuma?"

Madame Brigitte akatabasamu.

Mimi sikutabasamu.

Alikuwa amenitaja jina. Mchana, mbele za watu, bila kupitia kwa mtu. Nikajiambia: Clotilde, ngoja. Ulaya na ng'ambo zote zinaharibu vijana. Pengine huko kila mtu anamwita mama mkwe wake kwa jina, na mbuzi hawapatikani. Ngoja.

"Mama, mbona uko kimya? Haya inakushika? Weye na miye hatuna haya. Unakumbuka ile siku tulikula bukari na samaki ya Pweto? Sahani moja, weye na miye. Ukanipatia kichwa ya samaki kwa mukono yako."

Nikageuka kutoka ukutani. Nikaitazama ile simu machoni, kama ina macho.

Muko wangu, yule wa mgongo mwembamba na mwendo wa kuvuta mguu wa kushoto, yule aliyezunguka soko lote siku aliponiona kwenye meza ya mboga, hajapata kula mbele yangu hata karanga, sembuse bukari, ugali wetu.

"Chancelvie iko wapi?" nikauliza.

"Analala, mama. Mutoto anamuchokesha."

"Umwamushe."

"Muache apumuzike. Ukikuya utamuona."

"Basi uweke simu kwa kinywa ya mutoto. Nimusikie analia."

Nyuma yake nilisikia mlango ukifungwa, na mwanamume mwingine akisema neno fupi katika lugha nisiyoijua.

"Mutoto pia analala. Usijitese, mama. Miye mwenyewe nitakuya kukupokea kwa uwanja wa ndege. Nitakukumbatia mbele ya bantu bote."

Akacheka. Madame Brigitte naye akacheka, cheko la mtu aliyeshushwa mzigo. Wakaagana Kifaransa. Simu ikakatwa.

"Kambo," akaniambia, macho yake yamelainika, "miye niko na miaka mingi kwa hii dirisha. Bantu banakuya na foto kumi, na tangu kwa sauti naona ni uongo. Lakini huyu anakupenda. Anayua hata magoti yako. Ile mambo ya samaki, muntu hawezi kuitunga."

Niliitazama kalamu yake.

Ndugu wasomaji, nyinyi mlioniandikia mkaniita mjinga kwa ajili ya kile kitambaa cha kichwa, kaeni mahali pangu hapo kwenye kile kiti. Nikimwambia mwanamke huyu kwamba aliyesema si muko wangu, faili linafungwa, na Chancelvie anabaki kule na watu ambao hata majina yao siyajui. Nikinyamaza, naruka angani kwenda kwenye mikono iliyofunguliwa ya mtu ambaye amekwisha kuniahidi kunikumbatia.

Kitendawili changu mwenyewe, na sina wa kumwomba jibu.

"Nakuuliza ya mwisho," akasema Madame Brigitte, kalamu mkononi. "Ile sauti umeisikia. Njo yeye, muko yako?"

Donat hakupumua. Nilimsikia hapumui.

"Njo yeye," nikasema.

Tangu nilipobatizwa pale Mitwaba sijapata kusema uongo mfupi kama ule, wala mzito kama ule. Nilipomaliza kuusema nikaona ni mwepesi kinywani. Hilo nalo liliniogopesha.

Akaandika. Akapenyeza mkono chini ya kioo, akanishika vidole kimoja kimoja, akavikandamiza kwenye kioo kidogo chenye taa ya kijani. Pasipoti, akasema, nitapewa viza ikiwa imepachikwa. Akaniombea safari njema, na akaniambia nikiiona bahari nimsalimie, maana naye hajaiona.

Tukatoka.

Jua la mjini lilitupiga usoni. Donat alitembea mbele yangu, kisha akajikumbuka akanisubiri. Akanishika kiwiko tuvuke barabara.

"Mama, umefanya vizuri," akasema. "Vizuri sana."

Nikasimama pale pale kando ya barabara, pikipiki zikitupigia honi.

"Donat, ule muntu haiko muko yangu."

Nikangoja. Mtoto niliyemzaa, niliyemnyonyesha, nilijua atakachouliza. Angeniuliza nimejuaje. Angeniambia ni uzee, ni simu mbovu, ni hofu yangu. Yeyote kati ya hayo, ningeshukuru.

Donat hakuniuliza nimejuaje. Aligeuka akautazama mlango wa ofisi tuliyotoka, kisha akaisogeza midomo yake karibu na sikio langu.

"Na yule madamu, unazani ameyua?"